Chungwa Lisilochemshwa

Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, mama mkubwa aliamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, akawasha jiko na kuinjika sufuria kubwa ya maji. Saa kumi na moja na robo maji yalianza kutokota, naye akayaacha yatokote hadi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Saa kumi na mbili kamili alitia mchicha uliokwisha kuoshwa mara tatu. Saa moja na nusu aliyamwaga yale maji ya kijani kwenye karo, akatia mengine, akaurudisha mchicha motoni. Saa mbili alikamua machungwa sita, akayachuja maji yake na kuyachemsha katika sufuria ndogo yenye mfuniko mpaka saa tatu. Saa saba mchana alimpakulia baba mkubwa, yaani mumewe, wali, maharage na ule mchicha, ambao ulikuwa umekaa motoni muda mrefu kuliko watu wengine wanavyokaa kazini.

Ninazijua saa hizo kwa sababu siku ile sikuwa na zamu, nami nilikaa naye jikoni mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, kesho yake nilimsikia akizitaja moja baada ya nyingine mbele ya mtu ambaye zilimhusu.

Katika chakula kile hapakuwa na kitu kichafu hata kimoja. Hata hivyo kidonda cha baba mkubwa, chini ya goti la mguu wa kulia, kilikuwa na miezi minne bila kufunga. Kesho yake tulitakiwa kurudi kwa tabibu wa vidonda, ambaye alikwisha kutueleza bila kuzungusha maneno: kidonda kisipoonyesha dalili ya kupona atampeleka kwa wapasuaji, na wapasuaji wakikuta mfupa umeharibika, huenda wakaukata mguu. Baba mkubwa ni fundi wa makochi. Mguu huo wa kulia ndio unaokanyaga cherehani.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, kifungua mimba wa nyumba yao, na kwake ndiko ninakoishi. Alifanya kazi kwa miaka thelathini katika hospitali kubwa, kwenye chumba ambacho wagonjwa hawakijui na madaktari wengi hawajawahi kukanyaga: chumba cha kutakasia vifaa. Kiko chini, hakina dirisha, na kina mashine mbili za mvuke zenye milango mizito kama ya kasha la benki. Mikasi, koleo, sindano za kushonea na mashuka ya chumba cha upasuaji huingia kwa mlango mmoja vikiwa na damu, huoshwa, hukaushwa, hufungwa katika vitambaa, huingizwa kwenye mvuke, kisha hutokea mlango wa pili. Aliyeingia kwa mlango wa uchafu haruhusiwi kupita kwa mlango wa usafi, hata kama jengo linaungua. Alipostaafu mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kazi hiyohiyo katika chuo cha ufundi, nikaajiriwa mahali pake. Siku ya kwanza nilionyeshwa stuli yake, nikaambiwa nisiivunje.

Juu ya kila kifurushi hubandikwa utepe wenye mistari iliyofifia. Mvuke ukifika kwa joto linalotakiwa na kwa muda unaotakiwa, mistari hugeuka myeusi. Mama mkubwa alipenda kusema kwamba jicho la mtu halioni kijidudu, na kwa hiyo jicho la mtu lisiulizwe. "Ulizeni utepe," aliwaambia vijana waliokuja kujifunza. "Mimi naweza kuwa nimelala vibaya. Utepe haulali."

Mtaani walimwita Bi Mvuke. Jina hilo lilianza kwa kejeli, likaishia kuwa la heshima. Mwaka mmoja ugonjwa wa kuhara uliingia mtaa wetu na kupita nyumba hadi nyumba, ila kwake haukubisha hodi. Maji yake yalikuwa yamechemshwa, vyombo vyake vimechemshwa, hata vijiko vya wageni vilichemshwa kabla ya mgeni na baada ya mgeni. Majirani walianza kuja na ndoo. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena usoni, ingawa nyuma ya mgongo wake waliendelea kusema, "Bi Mvuke akikualika chakula, vaa nguo isiyochuja rangi, maana hujui utaishia sufuria gani."

Nadhani ugonjwa ule ndio uliompa uhakika ambao baadaye ulitugharimu. Mtu akishinda jambo kubwa kwa silaha moja, si rahisi kumwambia kwamba kuna jambo jingine silaha hiyo hailiwezi. Kutoka kwenye maji alihamia kwenye maziwa, ambayo ni sawa. Kisha mboga, kisha nyanya, kisha maji ya machungwa. Tunda bichi halikuingia mezani kwake. "Limeshikwa na mikono mingapi?" aliuliza, na hapakuwa na jibu, kwa sababu ni kweli kwamba hakuna ajuaye.

Baba mkubwa hakubishana. Ni mtu wa maneno machache na mizaha mifupi, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja alikula alichopewa akasema asante. Karakana yake iko pembeni ya njia panda, imejaa sponji, misumari midogo na fremu za makochi zilizovuliwa nguo. Siku ya ajali walikuwa wakipandisha kochi la watu watatu kwenye ngazi za jengo la ghorofa. Mkanda ulikatika, kochi likateleza, na fremu yake ikamgonga muundi ukutani. Mfupa uliingia ufa na nyama ikachanika. Ufa uliunga. Nyama ilishonwa, ikaanza kufunga, kisha ikasimama katikati kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Alikaa nyumbani, mguu juu ya kigoda. Mwanzoni kilikuwa kidonda tu. Baadaye ulikuja uchovu wa namna ambayo sikuwahi kuiona: alipumzika kati ya kuvaa shati na kufunga vifungo. Fizi zake zilivimba zikawa za rangi ya zambarau, na akiuma mkate aliacha damu juu yake. Miguuni, kila unywele ulikuwa na kinukta chekundu kwenye shina lake. Tabibu alipima sukari, akaikuta sawa. Alichukua usaha, akabadilisha dawa, uvimbe ukapungua kidogo kisha ukarudi. Aliuliza pia kuhusu chakula, na mama mkubwa akamjibu kwa fahari: mboga za majani kila siku, kabichi, maharage, mayai, maji ya machungwa glasi mbili.

"Chakula hiki hata mimi ningekitamani," tabibu alisema, akaandika.

Majirani nao hawakuwa nyuma. Mmoja alileta vidonge vya kufanya povu vyenye ladha ya chungwa, akasema ni vya kinga ya mwili, mwanawe hunywa vinne kwa siku na hajui mafua ni nini. Mama mkubwa alivipokea kwa adabu na kuviweka juu ya kabati, mahali anapoweka vitu vya kutupa baadaye. "Dawa ambayo tabibu hakuiandika ni bahati nasibu," alisema. Kisha akaongeza muda wa kuchemsha. Kama kuna kijidudu kilichokuwa kikimpita, alifikiri, basi moto haujatosha.

Jambo lililonitia hofu kuliko yote lilitokea wiki moja kabla ya ile Alhamisi. Baba mkubwa ana kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, alilolipata kwa mkasi wa kukatia kitambaa alipokuwa mwanagenzi. Kovu hilo limenizidi umri. Asubuhi hiyo lilikuwa limefunguka. Hakujigonga wala kujikata. Lilifunguka tu, kama mshono uliochoka.

Liko jambo jingine nililoliona na sikulielewa. Mama mkubwa akitoka jikoni, baba mkubwa alinyoosha mkono kwenye kapu la machungwa yaliyongoja kukamuliwa, akachukua moja, akalinusa kwa muda mrefu, akalirudisha. Nilidhani anapenda harufu.

Alhamisi ile baada ya chakula, mlangoni ilisikika hodi.

"Karibu," mama mkubwa aliitika. "Viatu hapo nje, maji ya kunawa yako kushoto."

Aliingia mwanamke mnene mwenye aproni ya maua na kikapu cha plastiki. Alinawa, akatazama huku na huko, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Shikamoo, mama. Nimekuja kumjulia hali Mzee wa Chumvi."

"Marahaba. Hapa hatuna Mzee wa Chumvi. Labda nyumba ya pili."

"Hapa si kwa fundi wa makochi?"

"Ndipo."

"Basi ni huyohuyo! Ndiye yule pale anajifanya amelala." Mgeni alicheka. "Mzee, fumbua macho, nimekuletea mapera. Mama, huyu ni mteja wangu wa saa nne. Miaka tisa hajakosa. Nikaona mwezi umepita, miezi imepita, nikasema huyu ama amekufa ama amepata muuzaji mwingine, na yote mawili yananiuma."

Baba mkubwa, ambaye kweli alikuwa amefumba macho, aligeuzia uso wake ukutani.

"Mteja wa nini?" mama mkubwa aliuliza, pole pole.

"Wa matunda, mama. Mimi nauza pale njia panda. Chungwa, pera, papai, embe bichi likiwepo. Namkatia, anatia chumvi na pilipili, anakula palepale kasimama. Akimaliza ananawa, anatoa mswaki mfukoni, anapiga mswaki. Siku moja nikamwuliza, mzee, mbona unatembea na mswaki kama msafiri? Akaniambia mke wangu ana pua ya polisi."

Nilitazama sakafu. Kutoka ukutani ilisikika sauti ndogo ya mtu anayejuta kuzaliwa.

"Unamkatia kwa kisu gani?" mama mkubwa aliuliza.

"Hiki hapa." Muuza matunda alikitoa kikapuni, kimefungwa gazeti.

Mama mkubwa alikitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemkuta kitandani. "Unakiosha na nini?"

"Nakifuta, mama."

"Kwa kitambaa gani?"

Mgeni aliiangalia aproni yake, akaikunjia chini ya mapaja. "Kisafi," alisema, kwa sauti iliyopungua. Kisha, kama mtu anayetetea jina la biashara yake, akaongeza: "Lakini mama, haki ya nani, miaka yote tisa hajaugua hata siku moja. Ameugua alipoacha kuja."

Alisema vile kwa majivuno tu, kama muuzaji yeyote. Mama mkubwa alikichukua kile kisu, akasimama nacho mkononi, na nikamwona akiutazama mguu uliolala juu ya kigoda, kisha kapu la machungwa, kisha sufuria ndogo yenye mfuniko. Alimtengenezea mgeni chai, akamsindikiza mpaka nje, akarudi, akakaa mbele ya mumewe.

"Miaka tisa," alisema.

"Mke wangu, si kila siku."

"Amesema hujakosa."

"Jumapili anafunga biashara."

"Na hii miezi minne? Ulikuwa unayataka?"

Baba mkubwa alilitazama kapu la machungwa. "Mpaka nayaota," alisema. "Mate yananijaa mdomoni. Lakini ningekuomba kitu kibichi, ungeniuliza nimekizoea wapi. Nikaona bora ninyamaze."

Katika chumba cha kutakasia vifaa tunayo sheria ambayo wageni huiona kali. Kifurushi kimoja kikigundulika kwamba hakikutakaswa sawasawa, vyote vilivyoingia kwenye mashine pamoja nacho hurudishwa, hata kama utepe wake ni mweusi, hata kama viko tayari mezani kwa mpasuaji. Na anayepiga simu kuvirudisha ni yuleyule aliyeviweka kwenye mashine. Hatumwi mwingine. Mama mkubwa alipiga simu ya namna hiyo mara chache katika miaka yake, na walionitangulia kazini wanasema kwamba kila alipoipiga alisimama wima, ingawa aliyekuwa upande wa pili hakumwona.

Ijumaa asubuhi alisimama hivyohivyo mbele ya meza ya tabibu. Tabibu ni mwanamke mfupi mwenye miwani, mtaratibu, na foleni nje ilikuwa ndefu.

"Daktari, nataka kuyasahihisha maelezo yangu ya chakula," alisema. Akayataja yote: mchicha ulioingia motoni saa kumi na mbili, maji yaliyomwagwa saa moja na nusu, machungwa yaliyochemshwa kuanzia saa mbili hadi saa tatu, chakula kilichopakuliwa saa saba. Akamweleza na muuza matunda, na mswaki. Hakuacha kitu na hakujitetea.

Tabibu aliweka kalamu chini. Alimwomba baba mkubwa afungue mdomo, akambonyeza fizi kwa kijiti, ikatoka damu. Alichukua kioo cha kukuza akatazama vile vinukta vyekundu miguuni. Alikishika kidole gumba, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mzee," alisema, "una njaa ya kitu kimoja tu. Vitamini C. Nitachukua damu tuhakikishe, ila matibabu sitangoja yaanze kesho."

"Lakini machungwa anakunywa," mama mkubwa alisema. "Kila siku."

"Anakunywa maji ya machungwa yaliyokwisha kazi yake. Mama, vitamini hii ina tabia mbili mbaya. Inaogopa moto, na inapenda kukimbilia majini. Ukichemsha kwa muda wote huo, halafu ukamwaga maji, unabaki na majani. Na mwili wa mtu hauwezi kuitengeneza, wala hauna ghala kubwa la kuiweka. Mwezi mmoja, miwili, mitatu, ghala limekwisha, na mwenye kidonda linamwishia haraka kuliko ninyi mnaokula naye." Alimgeukia baba mkubwa. "Wewe fundi wa makochi. Ukishona kwa uzi uliooza, inakuwaje?"

"Linaachia, daktari. Mtu akikaa tu, linaachia."

"Nyama inashikana na nyama kwa nyuzi. Mwili unazisokota wenyewe, na bila vitamini C zinatoka legelege. Ndiyo maana kidonda hakifungi. Hata kovu la zamani halikai hivihivi milele. Mwili unatoa nyuzi zilizochakaa unaweka mpya. Ukikosa mpya, kovu linafunguka."

Baba mkubwa alikitazama kidole chake kwa heshima mpya.

"Na huu uvimbe?" mama mkubwa aliuliza. "Huu wekundu usiokwisha? Mimi nilidhani ni kijidudu kinachonishinda."

"Kijidudu kipo, sikatai. Lakini uvimbe wenyewe ni kazi ya mwili. Chembe nyeupe za damu zinakuja pale kupigana, na kwa kawaida zinakuwa zimeibeba vitamini hii kwa wingi kuliko damu inayozizunguka. Zikiikosa, zinakuja hivyohivyo. Moto zinawasha. Kuua haziui vizuri, na kazi ikiisha haziondoki kwa utaratibu. Zinafia palepale, takataka inabaki, na uvimbe unaendelea. Kuwasha zinajua. Kuzima ndiko kunakozishinda."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa sababu ya sindano.

"Kwa hiyo ni mimi," mama mkubwa alisema.

Tabibu alivua miwani. "Mama, mimi nilikuuliza anakula nini. Sikukuuliza kinapikwaje. Nimeandika mara tatu kwamba chakula ni kizuri."

"Mimi nilificha," baba mkubwa alisema haraka, kama mtu anayegombea kulipa nauli. "Ningesema, lingejulikana zamani. Tugawane. Kochi la watu watatu hili."

Mama mkubwa hakucheka, ila alikaa. Kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa likimsumbua. "Vile vidonge vya povu alivyoleta jirani, basi ni kweli vinazuia mafua? Nilivitupa bure?"

"Mafua hayazuiliki kwa kidonge. Mtu anayekula vizuri akivinywa kila siku, pengine mafua yatamwacha mapema kidogo, basi. Kwa aliyepungukiwa kama mzee ndiyo vina maana kubwa, na nitamwandikia vyake kwa kipimo. Vingi kupita kiasi vinaishia chooni, vinavuruga tumbo, na vinaweza kuleta mawe kwenye figo. Usimpe vya jirani juu ya vyangu."

"Na nitajuaje kama inafanya kazi? Kazini tulikuwa na utepe."

Tabibu alikijua chumba kile cha chini cha hospitali. "Tazama kingo za kidonda," alisema. "Zikigeuka za waridi na kuanza kusogeleana, ndiyo utepe wako. Nakupa wiki mbili. Zisipogeuka, anakwenda kwa wapasuaji, na hapo sitaweza kumzuilia."

Jioni hiyo nilimkuta mama mkubwa jikoni, kidonge cha tabibu kiko kwenye kijiko na sufuria ndogo iko motoni.

"Mama mkubwa!"

"Kidogo tu," alisema. "Sijui aliyekihesabu alinawa."

Nilizima jiko. Hakunigombeza, jambo lililonionyesha jinsi alivyochoka. Alimpelekea mumewe kidonge kikavu, na glasi ya maji yaliyochemshwa, ambayo hakuna aliyemkataza.

Kisha ikaja zamu ya chungwa. Alilisugua kwa brashi mpya, akaliosha kwa maji safi yanayotiririka, akalikausha kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Alichemsha kisu, akakitoa kwa koleo, akakilaza juu ya sahani. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Baada ya hapo hapakuwa na jambo jingine la kufanya ila kukata, nao mkono wake ukakataa. Alisimama na kisu juu ya ganda. Nilielewa. Mkono ule, kwa miaka thelathini, haukuwahi kumpa mgonjwa kitu ambacho moto haukukigusa, na katika miaka hiyo ulikosea mara chache tu. Mvuke haukuwa uongo; ulikuwa umevuka mlango usio wake, na aliyeuvusha sasa alitakiwa kuurudisha.

"Nikate mwenyewe?" baba mkubwa aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Kidole chako kina kidonda," alijibu, akakata.

Baba mkubwa alitia kipande mdomoni. Uso wake ulikunjamana, machozi yakamtoka. Maji yale makali yalikuwa yamefika kwenye fizi. "Kinachoma," alisema.

Mama mkubwa aliikamata sahani.

"Usininyang'anye!" Aliivuta sahani kifuani kama mtoto. "Kinachoma vizuri. Chumvi iko wapi?"

"Chumvi hakusema daktari."

"Hakukataza."

Alimpa chumvi. Kisha akakaa akamtazama akila chungwa zima, mikono yake imekunjwa mapajani, mdomo umebanwa kama mtu anayengoja mashine ifunguke.

Kupika pia kulibadilika. Mchicha sasa ulikatwa dakika za mwisho, ukatiwa kwenye maji kidogo tu, ukafunikwa na kuepuliwa ungali wa kijani. Mimi nilishika saa. Nilipotamka kwamba muda umekwisha, alinitazama kana kwamba nimemwambia atoe vifaa kabla ya utepe kugeuka, ila aliepua. Maji yaliyobaki aliyatia kwenye mchuzi.

Uchovu ndio uliotangulia kuondoka. Siku chache baadaye nilimsikia baba mkubwa akilalamika kwamba redio ni ndogo, na kulalamika ni kazi inayohitaji nguvu. Fizi zilifuata, mkate ukabaki mweupe. Majibu ya damu yalirudi yakasema alichokuwa amekisema tabibu. Lakini kidonda kilikaa kimya, na mama mkubwa, aliyekifunga na kukifungua kila asubuhi kwa glavu, alinyamaza nacho. Wiki ya pili ilipokaribia mwisho aliniita kabla sijatoka kwenda kazini kwa zamu.

"Njoo uangalie," alisema. "Mimi nimelala vibaya, macho yangu siyaamini."

Ukingo wa upande wa juu ulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya waridi, usiozidi upana wa uzi wa cherehani. Nilimwambia nimeuona. Aliuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazikunja moja ndani ya nyingine kama tunavyofundishwa.

Tabibu hakumpeleka kwa wapasuaji. Kidonda kilichukua wiki nyingine nyingi, na mguu umebaki na ugumu kidogo wakati wa baridi, ila baba mkubwa alirudi karakana na kukanyaga cherehani kwa mguu uleule. Kochi la kwanza alilolimaliza lilikuwa la watu watatu.

Mwaka mmoja baadaye, makovu yote mawili yalikuwa yamefunga, la mguuni na la kidoleni. Nyumbani kuna bakuli la matunda mezani, nayo baba mkubwa huyala mbele ya watu wote. Hata hivyo saa nne bado hupita njia panda, hutazama nyuma, na hula pera akiwa amesimama. Mama mkubwa anajua na hajamwambia kwamba anajua. Kila asubuhi kabla ya saa mbili hupeleka kwa muuza matunda visu viwili vilivyochemshwa, vimefungwa katika kitambaa cheupe, na huchukua viwili vya jana.